Kaulimbiu ya Tatu

Bukuru alinipigia simu asubuhi ya Jumanne, nikiwa napanga karatasi dukani kwangu, akaniambia baba yake amefariki hospitalini na mazishi yatakuwa Alhamisi nyumbani kwao Kitahana. Kisha akaniomba jambo ambalo nilipaswa kulitarajia. "Dada Ana, wasifu wa marehemu tunaomba uandike wewe. Mzee alikuwa anasema Kibondo nzima hakuna anayejua kupanga maneno kama wewe." Nilikubali, kwa kuwa msibani mtu hakatai kazi anayopewa. Nilipokata simu nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikaacha mlango wa duka nusu wazi. Mzee Nyabenda hakuwa ndugu yangu wa damu. Lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao niliumaliza wote mezani kwake, na kile nilichojifunza mwaka ule sijakipata tena mahali popote. Imepita zaidi ya miaka ishirini na mitano, na miaka hiyo yote nimekuwa nikiuzunguka mwaka ule kama mtu anayezunguka shimo njiani. Nikiulizwa habari za ujana wangu, husimulia yaliyotangulia na yaliyofuata, ule mwaka wenyewe nikauruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwenye steshenari moja ndogo iliyotazamana na soko la Kibondo, kwenye mashine ya taipu ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa inakwama, kwa hiyo nilijifunza kupiga "k" kwa nguvu kuliko herufi nyingine. Barabara kubwa ilikuwa bado ya udongo, na kila lori lilipopita vumbi jekundu lilitua juu ya karatasi hata tukifunga dirisha. Mzee Nyabenda aliingia siku moja akiwa na karatasi sita zilizoandikwa kwa mkono. Alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu mrefu, mpole, aliyevua kofia hata alipokuwa akiongea na msichana wa taipu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa karatasi zake. Zilikuwa hoja za chama chake kwa ajili ya uchaguzi uliokuwa unakuja: barabara, maji, mbolea, mbegu, madawati, zahanati, mnada wa ng'ombe, na kadhalika, jumla kumi na saba. Nilizichapa zote bila kusema neno. Nilipomkabidhi nikashindwa kujizuia. "Mzee, samahani. Mtu akitoka mkutanoni na hoja kumi na saba, akifika nyumbani atamwambia mkewe ipi?" Alinitazama, akaangalia karatasi zake, akaangalia mashine. "Wewe ungemwambia ngapi?" Nikasema tatu. Kesho yake alimtuma mkewe aje kuniomba kwa bosi wangu niende kwao jioni.

Chama kile kilikuwa kichanga huku kwetu, kwa hiyo kamati moja ilihudumia wilaya mbili, Kibondo na Kasulu, na ilikutana kwenye sebule ya Mzee Nyabenda. Naikumbuka sebule ile kuliko ninavyoikumbuka nyumba niliyozaliwa: makochi ya mbao yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kabati la vyombo ambavyo havikutumika, picha ya harusi iliyokuwa imeanza kugeuka rangi, na meza ndefu ya kulia ambayo mwisho wake mmoja uliwekwa karatasi na mwisho mwingine chakula. Mama Bukuru, mke wa mzee, alituletea ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na siku ambayo mtu ametoka Kigoma mjini tulikula migebuka, samaki wa ziwani. Hakuketi nasi, lakini mlango wa jikoni haukufungwa, na sasa najua kwamba alisikia kila kitu. Wanakamati walikuwa wengi, ila wenye sauti hasa walikuwa watatu. Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Nyabenda. Bwana Laurenti, aliyekuwa akigombea ubunge upande wa Kasulu, mwalimu wa zamani mwenye sauti nzito na haraka ya kila kitu. Na Konsolata, aliyekuwa akiuza nafaka na kusimamia wanawake wa chama kata ya Kagerankanda. Wazazi wa Konsolata walikimbia kutoka Burundi yeye akiwa mtoto wa mgongoni, na baba yake alishapewa uraia. Alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Tangu siku ya kwanza aliniita mdogo wangu na kunisogezea bakuli la mboga kabla ya wanaume.

Mwenyekiti alisema hatuwezi kuchagua hoja tukiwa tumekaa kwenye makochi, twende tukawasikilize watu. Mimi nikapelekwa kwa Konsolata, nikakaa siku nne kwenye kijiji chao ambacho sitakitaja. Baba yake, Mzee Zakaria, alikuwa na shamba la mihogo na migomba lililoshuka hadi kwenye kijito, alilolisafisha mwenyewe lilipokuwa pori. Alinisalimu kwa Kirundi, "amahoro", kisha akajisahihisha kwa Kiswahili, kana kwamba amenikosea. Siku ya pili wanawake walikusanyika jikoni kwa Konsolata kumenya mihogo, nami nikakaa kwenye kigoda na daftari langu. Mmoja wao, aliyekuwa akimenya bila kuinua macho, alisimulia jinsi uchungu ulivyomshika, mumewe akampakia kwenye baiskeli, wakaenda kwa kusukuma, na mtoto akazaliwa kando ya njia kabla hawajafika zahanati, akalia mara mbili tu. "Mara mbili," alirudia, kisha akaomba apewe muhogo mwingine. Hakuna aliyeshtuka. Kila mmoja alikuwa na njia yake na mahali pake kando ya njia. Niliandika kurasa nyingi. Lakini jioni hiyohiyo, nikiwa nyuma ya nyumba nanawa miguu, niliwasikia wanaume wawili waliokuwa wakipita, wakiongea Kiha kwa sauti ya kawaida kabisa. Mmoja alisema ardhi inaisha, makambi ya wakimbizi yamejaa, na hawa waliokuja zamani ndio wameshika sehemu nzuri zote za kijito. Mwenzake akaitikia, "Ego," ndiyo. Hayo nayo niliyaandika. Nilikuwa kijana, nilijua kuandika tu.

Tuliporudi, hoja mbili zilipita bila ubishi. Ya kwanza ilikuwa barabara. Ya pili ilikuwa ya kina mama, na Konsolata ndiye aliyeitamka kwa maneno ambayo hayakuhitaji kurekebishwa: "Mama asijifungulie njiani." Mwenyekiti aliiandika mwenyewe kwenye karatasi. Ndipo Bwana Laurenti alipochukua daftari langu, akalifungua ukurasa wa wale wanaume wawili, akausoma kwa sauti.

"Hii ndiyo hoja," alisema. "Nimepita vijiji vyote. Barabara wanaitikia kwa adabu. Uzazi wanaume wanatazama pembeni. Ukitaja ardhi, wanasimama. Ardhi kwa wenyeji."

Konsolata aliuliza polepole, "Mwenyeji ni nani, Mwenyekiti?"

"Hatukusemi wewe, dada," Laurenti alimjibu kabla ya mzee. "Wewe ni raia. Baba yako ana cheti."

"Nani atakwenda kuwaeleza hayo watu wakishatoka mkutanoni?"

Mzee Nyabenda alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kochi. Alikuwa mtu mwema. Hilo nitalisema hata leo. Lakini alikuwa ameshindwa uchaguzi mara mbili, na alikuwa amechoka. Akanigeukia. "Ana, mwanangu, tutafutie maneno. Ardhi tuiseme, ila tuiseme kwa namna isiyomuumiza mtu." Sikumjibu kwamba haiwezekani. Nilifurahi kwamba amenigeukia mimi mbele ya watu wazima wote. Nilikwenda dirishani, nikasimama kama dakika kumi, nikarudi na maneno haya: "Ardhi ya babu kwa mjukuu." Laurenti aliyarudia mara mbili, akacheka kwa raha. Mwenyekiti alisema ni maneno mazuri, hayana tusi, hayamtaji mtu. Na kweli hayakuwa na tusi. Ndiyo sababu yalifanya kazi.

Konsolata alinifuata uani baadaye, nilipokuwa nasaidia kuosha vyombo. Alichukua sahani mkononi mwangu akaanza kuisuuza. "Babu yangu kazikwa ng'ambo ya mpaka," alisema. "Baba yangu bado hajafa, hatuna kaburi hapa. Sasa mimi na watoto wangu tuko wapi kwenye maneno yako?" Nilimjibu, na jibu hilo nimelisikia masikioni mwangu nikiwa kanisani, nikiwa leba, nikiwa nimekaa peke yangu kwenye basi: "Dada, ni maneno ya kampeni tu." Aliipanga sahani juu ya nyingine. "Haya," akasema, akaingia ndani kuaga. Tangu siku hiyo hakuniita tena mdogo wangu.

Nimefikiri sana kuhusu mpangilio wa zile hoja tatu. Tulikubaliana kwamba ardhi itakuwa ya tatu, na nilijidanganya kwamba nafasi ya tatu ni nafasi ndogo. Kwenye mkutano wa kwanza Laurenti alizisema zote kwa utaratibu. Watu walipiga makofi kwa barabara, wanawake wachache wakapiga vigelegele kwa ile ya Konsolata, na alipofika kwenye babu na mjukuu uwanja wote ukanyanyuka. Mkutano wa pili akaianza hiyo. Kufikia wa tano, habari ya kina mama haikutajwa tena; dakika zake zilikuwa zimeliwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya jukwaa na makaratasi yangu, namsikia mtu mzima akisema maneno yangu na maelfu wakiyarudisha, na sitadanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilijiona mkubwa. Watoto waliyaimba wakienda kisimani. Mwendesha baiskeli mmoja aliyaandika kwenye kipande cha bati nyuma ya kiti. Mahali ambapo Laurenti alisema mjukuu, watu walianza kuongeza wenyewe, bila kuambiwa, majina ya familia ambazo si wajukuu wa hapo.

Habari ililetwa kwa Mwenyekiti na dereva wa lori, asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. Alisema mihogo ya Mzee Zakaria imeng'olewa. Mimi na Mwenyekiti tulipanda lori lilelile kwenda nalo kijijini. Tulifika mchana, na nililiona shamba kabla ya kuwaona watu. Mihogo ya mwaka mzima, iliyokuwa bado haijakomaa, ilikuwa imelazwa kwenye matuta kwa mstari, mizizi juu, myembamba kama vidole. Kazi ilifanywa mchana kweupe na watu wengi, majirani, waliokuwa wakiimba. Na walichokuwa wakiimba nilikijua. Kando ya kijito vilikuwa vimesimikwa vigingi vya kugawana vipande. Hakuna aliyepigwa. Walimwambia tu Mzee Zakaria awaonyeshe kaburi la babu yake, na kama halipo, basi apishe. Tulimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, amevaa koti lake la kanisani, cheti cha uraia kipo ndani ya mfuko wa nailoni juu ya magoti yake. Konsolata alikuwa amesimama pembeni. Mwenyekiti alivua kofia, akaanza kusema jinsi chama kinavyosikitika, kwamba hayo siyo tuliyoyakusudia. Mzee Zakaria alimsikiliza hadi mwisho. "Mwenyekiti," alisema, "mimi nimelima hapa kabla hawa vijana hawajazaliwa. Nilidhani nimekuwa mtu wa hapa. Ni kosa langu kudhani." Kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimekula.

Lazima niseme pia kwamba halmashauri ya kijiji ilikaa, ikasikiliza, ikamrudishia shamba lake lote, na wale majirani wakatakiwa kung'oa vigingi vyao. Watu hupenda kusikia sehemu hiyo, na Mzee Nyabenda aliisimulia mara nyingi. Alichokiacha kila mara ni kwamba Mzee Zakaria hakulilima tena. Aliwapa watu walime bure, akaihamisha familia Kasulu mjini kabla ya siku ya kupiga kura. Konsolata alirudisha kadi yake ya chama kwa kuituma ndani ya bahasha, bila barua. Kibondo tulishindwa. Kasulu tulishinda, na Laurenti akaenda Dodoma. Hakuna ardhi yoyote iliyogawiwa kwa mjukuu yeyote, na baada ya miaka mitano alishindwa, akahamia kwingine. Usiku wa matokeo watu walinibeba juu kwenye ua wa Mzee Nyabenda. Wiki iliyofuata nilimwambia mzee kwamba nimepata kazi nyingine, naye hakuniuliza ni ipi. Tuliendelea kusalimiana kwa heshima miaka yote hiyo, sokoni, kanisani, kwenye misiba ya watu. Kati yetu wawili hatukulitaja jambo lile hata mara moja.

Sasa turudi kwenye wasifu. Niliuandika Jumanne jioni: kuzaliwa, shule, kazi ya ubwana shamba, ndoa, watoto, ugonjwa. Siasa niliipa sentensi moja. Jumatano Bukuru alikuja dukani kuuchukua, akausoma amesimama, akasema ndugu wanaomba kiongezwe kitu. "Atakumbukwa kwa kuipigania ardhi ya babu kwa mjukuu. Watu bado wanayapenda maneno yale, dada." Alikuwa na macho mekundu ya kulia. Niliyachapa kwa vidole vyangu mwenyewe, mara ya pili maishani, nikatoa nakala mia mbili.

Alhamisi, nilipoitwa mbele kusoma, niliwaona watu wa Kitahana, wa Kibondo mjini, na wachache waliotoka mbali. Na kwenye mstari wa mwisho wa wanawake, chini ya turubai, nikamwona Konsolata. Nywele zilikuwa nyeupe lakini ni yeye. Nakala ya wasifu ilikuwa mkononi mwake, kama ilivyokuwa mikononi mwa wengine. Nilisoma vizuri hadi kwenye siasa. Nilipofika kwenye ile sentensi, nikairuka, nikaendelea na ugonjwa. Wachache waliinua vichwa kutoka kwenye karatasi, kisha wakainamisha tena.

Baada ya kuzika Konsolata alikuja mahali nilipokuwa nanawa mikono. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaanza kumpa pole ya baba yake, ambaye nilisikia alifariki Kasulu akazikwa kwenye makaburi ya mjini, na nikamwomba anisamehe.

"Mbona umeruka mstari?" aliuliza.

"Sikutaka usikie ukaumia."

"Siku ile pia hukutaka mtu aumie." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo kwenye mizani. "Mimi nilikuja kumzika Nyabenda kwa sababu alikuja kumzika baba yangu. Alikuja peke yake, akachimba kaburi na vijana, hakusema lolote. Hilo nililikubali. Wewe una maneno, Ana. Yeye hakuwa nayo. Ungeusoma ule mstari, kisha ungewaambia kilichofuata." Akachukua mkoba wake, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Siku ya kumaliza msiba, ndugu walipokwisha kushukuru na mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Nilisema kwamba maneno yaliyoandikwa kwenye wasifu si ya marehemu, niliyatunga mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nikasimulia yaliyotokea kwenye shamba la Mzee Zakaria. Nilimtaja kwa jina. Nilisema nani aliniomba, na kwamba ningeweza kukataa. Bukuru alitazama chini; najua nilimuumiza, na sijui kama atanialika tena nyumbani kwao. Mjomba wake mmoja alinyanyuka akaondoka. Ni Mama Bukuru, ambaye sasa haoni vizuri, aliyesema kutoka mkekani pale alipokaa na wajane wenzake. "Ego. Ni kweli. Mlango ulikuwa wazi, nilisikia yote. Nilikuwa napika." Akajivuta kanga mabegani. "Na mimi nilinyamaza, nikawaletea chakula."

Kesho yake nilipanda basi la asubuhi kwenda Kasulu. Kwa lami ya sasa si safari ya siku nzima tena. Nilimpata kwa kuuliza. Kila mtu pale sokoni anajua duka la Mama Konsolata la maharage. Alikuwa anampimia mteja mmoja, na wengine wawili wakisubiri na vikapu vyao. Nikamwambia nimeshayasema, mbele ya msiba wote.

"Mimi sikuwepo," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja."

Alimalizia kupima, akafunga mfuko, akampa yule mteja. Kisha akatoa kiti cha plastiki nyuma ya magunia, akakiweka katikati ya duka, si pembeni. "Haya, sema," akaniambia. "Na hawa nao wasikie." Wale wanawake wawili walishusha vikapu vyao chini. Sikukaa. Nilianza na jina la baba yake.